Nyumba za Desemba

Umeme ukikatika Holili, mpakani mwa Tanzania na Kenya, na kukatika si habari, vijana wa mtaa ulio nyuma ya barabara kuu humfuata bibi mmoja kibarazani kwake. Ni wa kidato cha pili hadi cha nne, wengi wamemzidi urefu, simu zimewaishia chaji. “Shikamoo bibi.” “Marahaba wajukuu zangu. Kaeni, ila mtu asinizibie mwanga.” Mwanga wenyewe ni wa chemli moja, naye ameisogeza karibu kwa sababu anachambua maharage. Ungo uko mapajani, bakuli la bati liko chini mguuni, na kila akipata kijiwe hukidondosha humo: ti.

Usiku niliokuwepo alisimulia habari za kijana aliyetumwa kumtafuta mbuzi. “Hadithi, hadithi!” “Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.” Baada ya hapo sikusikia “hapo zamani za kale” hata kidogo. Kijana yule alitokea hapa hapa. Alipita pale malori yanapopanga foleni, akaacha lami, akashika njia ya vumbi ya Chala, mlima mkono wa kushoto. Bibi akaeleza miiba, jua, na kandambili iliyokatika kamba. Kamba ile ilimchukua muda mrefu kuliko mbuzi mwenyewe. Mmoja wa wasikilizaji akaanza kuchezea kandambili yake bila kujijua, na nadhani hapo ndipo bibi alipojua amewapata.

Kijana akafika ukingoni. Mbuzi amesimama ng'ambo ya pili ya shimo, kadogo kama punje. Akamwita. Chini kabisa, majini, ng'ombe akaitika.

Ti.

Hakuna aliyecheka. Bibi akapeta maharage yake, akatazama giza la uani, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa ni nani aliyeuacha wazi mlango wa jiko. Mlango ulikuwa wazi kweli. Hakuna aliyekwenda kuufunga. Binti mmoja ndiye aliyejitoa: “Halafu, bibi?” “Halafu akarudi nyumbani. Si mnamjua? Ni yule mzee asiyekubali kusimama karibu na pipa la maji.” Kilichotoka ziwani hakukitaja, wala hakusema kama kuna kilichotoka. Hadithi yake ikaishia hapo, akasema imeishia hapo, akawataka wamsaidie kubeba viti.

Nimesoma riwaya nyingi za kutisha, za kwetu na za mbali, na si nyingi zinazoujua ufundi wa pipa lile la maji.

Ziwa Chala lenyewe limemrahisishia kazi, sikatai. Ni kreta ya volkeno iliyojaa maji, kuta zake zimesimama wima, na mpaka wa Tanzania na Kenya umepita katikati yake. Kina chake kinapita mita 90. Huoni mto unaoingia wala unaotoka. Maji ni ya mvua na ya chini ya ardhi, yanayoshuka kutoka mlimani bila kuonekana. Charles New, mmisionari Mwingereza aliyefika kwenye theluji ya Kilimanjaro mwaka 1871, alilitembelea ziwa hili, na wasafiri wa zamani waliiandika habari ya kijiji cha Wamasai kilichozama humo, na sauti za watu na mifugo zinazosikika kutoka chini. Kwa hiyo ng'ombe wa bibi si wake peke yake, amerithi. Mamba wapo pia, na wamewahi kuua. Mwaka 2016 wanasayansi walitoboa sakafu ya ziwa wakatoa tope la tabaka kwa tabaka, kumbukumbu ya takriban miaka 250,000. Bibi nilipomweleza alisema afadhali wangeliacha tope la watu.

Uchagani tulikuwa na akiba ya hofu iliyopangwa vizuri. Zimwi wa huku, irimu, hana sura moja. Ipo hadithi ya mtu aliyevunja mwiko, miiba ikaanza kumwota mwilini mpaka akawa kichaka kinachotembea, kikimeza watu na ng'ombe. Aliyemwokoa ni ndugu yake, kwa maelekezo ya mganga: akakitia moto kile kichaka, na ndani yake akatoka mtu. Hebu ifikirie kwa kijana wa miaka 15. Kinachokuwinda ni kaka yako, na dawa yake ni umchome. Anayeandikia vijana leo angeipata wapi hadithi yenye kisu kikali kama hicho? Mchungaji Bruno Gutmann, Mjerumani wa Kilutheri aliyeishi Old Moshi, alikusanya ngano za Wachagga na kuzichapisha mwaka 1914, kwa Kijerumani. Nyingine zilibaki midomoni mwa wazee, na wazee ndio hao tunaowazika kila Jumamosi.

Chini ya migomba ya Marangu kuna mahandaki ambamo watu walijificha na mifugo yao enzi za vita vya wamangi, machifu wetu, na uvamizi wa Wamasai. Mtalii hulipa kiingilio akaingia ameinama, akapewa maelezo na vipimo. Mtoto wa Marangu hupita juu yake akienda dukani kununua vocha, na hajawahi kuambiwa hata hadithi moja inayomfanya aharakishe hatua. Naliona hilo kuwa ni uzembe wetu sisi wakubwa, na sitafuti neno laini zaidi.

Nilikuwa na rafiki, kijana wa Rombo, tulipokuwa shule ya bweni mjini Moshi. Yeye alikuwa mwandishi. Hakuwahi kuchapishwa popote, lakini alikuwa na kaunta buku ya kwaya mbili, na kuikodi kwa usiku mmoja kulikuwa andazi. Tuliisoma chini ya blanketi, tochi mdomoni, wawili wawili, mmoja akiwahi kufika mwisho wa ukurasa alimsubiri mwenzake. Mwandiko wake ulikuwa mdogo na umelala upande. Mwisho wa kila sehemu aliandika “itaendelea”, kama magazeti, na kama magazeti aliiweka pale ambapo ungetoa hata andazi la kesho.

Hadithi iliyompa jina ilihusu stesheni ya Moshi. Reli kutoka Tanga ilifika mjini mwaka 1911. Sisi tulipokuwa shuleni treni ya abiria ilikwisha kukoma, miaka ile ya 1990, na stesheni ilikuwa mahali pa mbuzi na wavuta sigara. Katika daftari lake, karani mmoja wa tiketi alikuwa bado anakwenda kazini, kwa kuwa hakuna aliyemwandikia barua ya kuacha. Saa saba usiku abiria walianza kuja dirishani. Wote walitaka tiketi ya Voi. Ile njia ya Voi kupitia Taveta ilijengwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na Februari 1916 askari wengi waliuawa kwenye kilima cha Salaita, ng'ambo kidogo ya Holili. Rafiki yangu alijua hayo kutoka somo la historia, lakini hakuyafundisha. Hakutaja vita mahali popote. Karani hakuinua uso; aliwajua abiria kwa mikono yao tu, na mikono ilikuwa na alama za kamba mpaka viganjani, alama za wapagazi. Nauli waliyomsukumia ilikuwa heller, zile sarafu za Mjerumani zenye tundu katikati.

Ukurasa mzima aliutoa kwa sauti ya sarafu juu ya mbao ya dirisha. Ukurasa mwingine kwa karani akijaribu kukumbuka kama stesheni iliwahi kuwa na baridi namna ile. Kisha, mwisho wa mwezi, karani anampelekea mama yake mshahara ndani ya bahasha, kama kawaida. Mama anaimimina mezani ahesabu. Itaendelea.

Daftari lilikamatwa na mwalimu wa zamu. Lilikaa kwake wiki nzima, na siku ya kulirudisha aliuliza kitu kimoja tu: sehemu inayofuata iko wapi?

Treni ya abiria iliporudi Moshi, Desemba 2019, watu walishangilia kando ya reli na walikuwa na haki. Mimi nilikuwa natazama mikono ya watu madirishani.

Hatukutoka hewani, ndivyo ninavyotaka kusema. Debora Mwenda na kipindi chake cha Mama na Mwana, Redio Tanzania, alitulea masikio. Muhammed Said Abdulla, kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya mwaka 1960, alichukua mahali ambapo wanakijiji wanapaogopa, akalaza maiti pale pale, halafu akamleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake kuonyesha kwamba aliyeua ni mtu mwenye mikono. Ben Mtobwa aliwapa vijana wa mjini Salamu toka Kuzimu, na jina la kitabu peke yake liliuza. Said Ahmed Mohamed alimfufua babu katika Babu Alipofufuka, mwaka 2001, amtembeze mjukuu aliyenenepa kwa madaraka aone nchi ilivyooza. Mussa Banzi aliileta hofu kwenye kanda za video, na Shumileta yake ilitazamwa katika mabanda mpaka kanda zikakwaruzika. Magazeti ya udaku yalikuwa na hadithi zake za mfululizo, nyingine mbaya kupita kiasi, ila zilitimiza sharti moja: mtu alirudi Ijumaa iliyofuata na shilingi zake.

Wamarekani wamelijenga jumba kubwa juu ya msingi wa hofu ya namna hii. Stephen King alichapisha 'Salem's Lot mwaka 1975, mji mdogo unaofunga milango mmoja mmoja, na R. L. Stine alianza mwaka 1989 kuwaandikia vijana mtaa mzima wa balaa katika Fear Street. Wameelewa kwamba mji unaokwisha ndio nyumba ya asili ya hofu. Kiwanda kimefungwa, vijana wamehama, waliobaki wanajuana mno, na mtu asipoonekana siku tatu kila mmoja anadhani amesafiri. Nikisoma hizo huwa nacheka kidogo, kwa sababu nchi ya namna hiyo naijua, na haina theluji ila kileleni.

Panda kutoka Himo uelekee Mwika, au pita Rombo yote, katikati ya mwaka, siku ya kazi. Utaziona. Ghorofa moja, mbili, vigae vyekundu, geti la chuma lenye maua ya kuchomelea, na mbele ya nyumba makaburi yamejengewa marumaru safi kuliko sebule nyingi za Dar es Salaam. Mapazia yamefungwa. Ndani kuna makochi yaliyofunikwa mashuka. Mwenye nyumba yuko Kariakoo, au Mwanza, au Lubumbashi, na funguo ziko kwa kijana anayelisha ng'ombe, ambaye haruhusiwi kulala ndani. Bei ya kahawa ilipoporomoka baada ya mkataba wa kimataifa kuvunjika mwaka 1989, watu waling'oa miti ambayo babu zao waliuza kahawa yake kupitia ushirika wa KNCU tangu 1933, wakapanda ndizi na nyanya, kisha wakapanda mabasi. Mzee hubaki. Mzee akifa, nyumba hubaki. Desemba ikifika taa zinawaka mlima mzima, nyama inachomwa, watoto wanaongea Kiswahili cha Sinza, na baada ya mwaka mpya geti linafungwa.

Mtoto wa huko akiniuliza hadithi ianzie wapi, ningemwambia aanzie Februari, kwa yule kijana mwenye funguo, usiku anaposikia ndani ya nyumba mtu anahamisha kochi. Na nisingemruhusu aniambie upesi ni nani.

Holili nayo imebadilika kwa njia yake. Zamani lori lilikaguliwa upande huu, likaenda kukaguliwa tena Taveta, na dereva na utingo wake walilala. Walikula kwa mama lishe, walikaa kwenye matairi, na walisimulia. Habari za mwanamke anayesimamisha magari njia ya Voi nilizisikia hapo, kila dereva na mwanamke wake, mwingine ana kwato na mwingine ana mtoto mgongoni asiyegeuka. Kituo cha pamoja cha forodha kilipoanza kazi, mwaka 2016, maofisa wa nchi mbili waliketi jengo moja, gari likapita. Siwezi kulaumu; mzigo wa watu ufike. Lakini mama lishe mmoja alinilalamikia hivi: “Mangi, siku hizi wanakula wamesimama.” Anayekula amesimama hasimulii kitu.

Kilichoingia mahali pa hadithi ni kelele. Kijana anakuletea simu, “angalia hii”, unaona kiti kitupu kwa sekunde kumi, halafu sura inaruka na mlio unapasua sikio. Umeshtuka, ni kweli. Ukipigwa kofi pia utashtuka. Kiti hakikuwa cha mtu, chumba hakikuwa cha mji wowote, na usiku ule utalala fofofo.

Mbaya zaidi ni uvumi. Sauti inasambazwa kwenye simu: kuna gari jeusi, linachukua watoto, tuma kwa wengine kumi. Babu zetu walikuwa na mumiani, wanyonya damu wa enzi za ukoloni, ambao watu waliapa kwamba ni wazimamoto wa Nairobi na miji mingine. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu yao. Uvumi hauna “hadithi njoo”. Hauna mahali unaposema umeishia hapo, na kwa sababu hiyo hutoka kibarazani ukaingia mitaani kutafuta mtu wa kumshika. Nchi hii imeua vikongwe kwa macho mekundu ya moshi wa kuni, na imewakata watu wenye ualbino. Wanaotuambia hadithi za kutisha zinaharibu vijana wangeanza na hilo. Bibi wa Holili hufungua kwa mwito na kufunga kwa kauli, na kijana aliyezoea milango hiyo miwili ana nafasi ya kuuliza, sauti ya gari jeusi inapomfikia, mbona hii haina mlango.

Wachapishaji wetu hawana habari na hayo. Nilipeleka muswada wa vijana kwa mmoja, sitamtaja, ukarudi na maneno ya kalamu nyekundu pembeni: funzo liko wapi? Alitaka mzimu utubu. Alitaka sura ya mwisho mwalimu mkuu awaeleze wanafunzi kwamba mizimu haipo na wasome kwa bidii. Ukiingia maduka ya vitabu ya Moshi unaelewa anakotoka: vitabu vya mtaala, madaftari, rula, Biblia. Kitabu kisichokuwa na ithibati ya shule hakina rafu. Tuzo zipo, ya Mwalimu Nyerere ilianza kutolewa mwaka 2023, na nilifurahi. Ningependa siku moja ipewe riwaya ambayo waamuzi waliogopa kuimalizia usiku.

Yule rafiki yangu wa kaunta buku sasa ni wakala wa forodha, hapo hapo Holili. Anavaa miwani, mwandiko wake umebaki kwenye saini tu. Tulikunywa chai nikamuuliza daftari liko wapi. “Nyumbani Rombo, kwenye kabati la marehemu mzee. Nilifungua Krismasi nikakuta mchwa wameanza mbele na nyuma, wameacha katikati.” Nikamwambia basi aiandike upya, mwanzo naukumbuka mimi, hata mikono, hata karani asiyeinua uso. Akaweka kikombe chini. “Aliinua,” akasema. “Sehemu ya nne. Aliinua akamwona mtu wa kwanza kwenye foleni.” Hiyo sehemu ya nne hatukuiona sisi wa andazi. Nikasema karani akiinua uso hadithi imekufa. Akasema mimi sijui alimwona nani. Nikamuuliza alimwona nani, naye akafungua mdomo, na simu yake ikaita: lori la mteja limezuiwa mizani kwa uzito kupita kiasi, dereva anapiga kelele, makaratasi yako kwake. Akainuka akitafuta funguo za pikipiki. “Kaka, nitaandika nikistaafu,” akasema, akaacha hela ya chai ya wote wawili.